Taulo za kike za kufua: kikundi cha akina mama kianzie wapi

Vyerehani viwili na akina mama kumi wenye nia wanatosha kuwashonea wasichana wa darasa zima taulo za kike za kufua na kutumia tena. Mahitaji yapo. Tanzania iliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019, na katika nyumba nyingi pakiti ya kila mwezi bado inashindana na unga. Lakini kushona ndiyo sehemu nyepesi. Mradi huu hukwama kwenye maji, sabuni, chupi na kamba ya kuanikia.

Kwa hiyo nendeni shuleni kabla ya kwenda dukani. Mwoneni mwalimu mkuu, kisha kaeni na matroni faragha. Choo cha wasichana kina komeo kwa ndani? Maji yako umbali gani? Kama choo hakina mlango, pesa ya kwanza inunue mlango. Msichana hawezi kubadilisha taulo huku rafiki yake amemshikia kanga mlangoni na foleni inasubiri nje.

Kila msichana apate taulo nane. Sita zinatosha wakati wa kiangazi, ila masika taulo huchukua siku mbili kukauka, na hapo ndipo anapojikuta anavaa yenye unyevu. Ongezeni chupi tatu mpya, si za mtumba, kipande cha sabuni na kimfuko cha zipu cha kubebea iliyotumika. Msisahau chupi. Taulo hii hufungwa kwa vifungo chini ya chupi, na asiye na chupi mmempa kitambaa tu. Saizi achukue matroni, msiwapime wasichana nyie wenyewe.

Kwa wasichana 60 mtashona taulo 480. Kipande cha sentimita 25 kwa 20 hutoka mara 28 katika mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Mtahitaji basi mita 18 za flana ya juu, 18 za kitambaa kisichopitisha maji, kile wauzaji wanachokiita PUL, na 18 za pamba ya chini. Ndani kunakaa tabaka tatu za flana au taulo ya kuogea, kila kipande sentimita 20 kwa 7. Mita 14 zinatosha. Ongezeni asilimia 10 juu ya yote. Nailoni ya kawaida iacheni: inazuia maji kweli, lakini inafungia joto na msichana anawashwa.

Fueni flana na pamba mara mbili kabla ya kukata. Pamba mpya hurudi, na flana mpya husukuma maji badala ya kuyanywa. Tabaka za ndani zishonwe kwenye flana ya juu peke yake. Hapa ndipo mafundi wazuri wanapokosea: wanapitisha sindano katikati mpaka chini ili taulo ikae vizuri, na kila tundu la sindano kwenye PUL ni mlango wa damu. PUL ishonwe pembeni tu, na pini zikae ndani ya sentimita moja ya pindo la pembeni. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba hunyonya maji na kuyatoa nje. Acheni mwanya wa sentimita 6 wa kugeuzia taulo, upande wa ndani utoke nje. Kisha jaribuni: mwagieni taulo moja vijiko viwili vya chakula vya maji, iwekeni juu ya karatasi nyeupe, ikandamizeni kwa kiganja dakika tano. Karatasi ikilowa, tafuteni tundu kabla ya kuendelea.

Siku ya kugawa, wapeni wasichana wote wa darasa hilo. Kuwachagua "maskini" ni kuwatangaza. Kamera zibaki nyumbani. Ufuaji waonyesheni kwa beseni na taulo halisi: loweka kwenye maji baridi kwanza, maana maji ya moto huligandisha doa la damu, fua kwa sabuni ya kawaida, suuza mpaka maji yatoke meupe. Dawa ya kung'arisha nguo huharibu PUL.

Kuanika ndiko kunakohitaji mazungumzo marefu. Wasichana wengi huficha taulo uvunguni au nyuma ya mlango, na huko inashika ukungu na harufu. Ianikwe juani, na kama kuna aibu, itandikiwe kanga nyepesi juu ili jua na upepo vipite. Aibu hiyo haiishi bila mama, bibi au somo wa msichana kukubali, kwa hiyo waiteni wazazi wiki moja kabla. Msichana akikatazwa kamba ya nyumbani, taulo zenu nane zitaozea uvunguni.

Kwa matroni acheni sanduku la dharura: taulo kadhaa za kutupa, chupi, sabuni, na sketi mbili za sare za kumvisha aliyechafuka darasani. Rudini baada ya mwezi mmoja, tena baada ya miezi mitatu, mkiwa na sindano, uzi na vifungo vya akiba. Vifungo ndivyo vinavyong'oka kwanza. Muulizeni matroni wangapi wameacha kuzitumia na kwa nini. Wengi wakitaja sabuni, awamu inayofuata nunueni miche ya sabuni kabla ya flana.