Njoro ama Bahati, shule za wapi ziko poa?

SWALI: Mwalimu habari yako, nahama na watoto wawili, gredi ya 4 na ya 7, na dada yangu alie Marekani ananiambia eti kule watu huangalia wilaya ya shule kwanza ndio wanunue nyumba, sasa mimi hapa Nakuru nichague sabukaunti gani, Njoro ama Bahati? Mama Njeri

JIBU: Mama Njeri, ya huko achia dada. Kule wilaya ya shule ina bodi yake na sehemu kubwa ya pesa inatoka kwa kodi ya nyumba za hapo hapo, so mtaa tajiri shule tajiri. Huku mwalimu wa shule ya serikali anaajiriwa na TSC, ile tume ya walimu ya nchi nzima, mgao wa serikali unahesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi, kwa hivyo jina la sabukaunti halikuambii mengi, shule mbili za barabara moja zinaweza tofautiana kama usiku na mchana. Enda Jumanne saa nne hivi, si siku ya wazazi wakishapiga deki. Hesabu watoto kwa dawati moja, chungulia choo. Huyo wa gredi ya 7 uliza walimu wa junia (gredi ya 7 hadi 9) ni wangapi na sayansi wanafanyia wapi, maana junia iliwekwa ndani ya praimari 2023 na kuna mahali maabara ni kabati tu, tena limefungwa.