Kuruta, Usimuage Mama Usiku

Wajukuu mnaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria, msikilizeni babu yenu, sajenti mstaafu. Wiki hii kijana wa jirani hapa Kibosho, usiku wa kuamkia ruti machi, kaazima simu akamwandikia mama yake: "Mama, nisamehe kwa yote." Basi, simu ikazimwa. Nyumba nzima haikulala, na mwenyewe anakwenda kutembea kilomita 20 na chupa ya maji! Hivyo:

1. Buti mpya usiendee ruti machi. Soksi kavu zifunge kwenye nailoni.

2. Simu zitakusanywa. Kariri namba ya mama. Nyie hata namba zenu hamzijui.

3. Usiage. Hapa nikae kidogo.

Machi 1979, vita vya Kagera, nilikuwa na miaka 20. Tulitoka Mutukula, mpakani na Uganda, kwa miguu, Masaka tumeshaipita, mbele yetu kinamasi cha Lukaya na barabara moja tu inayokikata. Ng'ambo askari wa Amin, kumbe na Walibya wamo. Usiku ule tumbo likanichafuka. Nikaandika barua, tochi nimeifunika kofia: ng'ombe wangu apewe mdogo wangu, migomba ya chini ya mfereji achukue dada, mama asilie. Nikampa majeruhi aliyekuwa anarudishwa nyuma.

Nikapona. Barua nikaisahau kabisa, nawaambieni kweli. Aprili 11 tumeingia Kampala, mimi natafuta sigara. Nilijisemea redio imeshatangaza ushindi, nyumbani watajua. Redio ilinitaja jina?

Barua ilifikia parokiani. Mama hakujua kusoma, akasomewa na mtoto wa darasa la tano, kwa ile sauti ya kusomea ubaoni, majirani wamejaa uani kusikia habari za vita. Yule mtoto hakuruka hata nukta. Alipofika kwenye migomba, dada akapiga yowe. Mama, naambiwa, aliomba isomwe tena.

Nilirudi likizo mwisho wa mwaka. Mdogo wangu alinipokea kama anayedaiwa: ndama wa kwanza alikuwa ameshamuuza. Mama alitoka jikoni, akanitazama kuanzia kofia hadi buti, akarudi ndani akafunga mlango. Mimi niliyevuka Lukaya nikashindwa kubisha hodi. Nikaenda kukata isale, jani ambalo sisi Wachaga tunaombea msamaha, nikakaa nalo kizingitini mpaka giza likaingia. Alipofungua hakuuliza habari ya vita. Alisema, "Umekula?" Nilikula huku nalia, mtu mzima na kombati yangu.

Kwa hiyo ukiogopa, ogopea hangani mnakolala, mwambie wa kitanda cha jirani. Mama mwandikie asubuhi, ukishakunywa uji: nipo, nimekula, miguu inauma.

4. Fatiki (kazi za mikono) ya jikoni usiikwepe. Ukoko uko huko.

Ng'ombe sikurudishiwa. Kila nikimgusia, mdogo wangu anaitoa ile barua kwenye Biblia: "Afande, saini hii si yako?"