Je, Miujiza ya Biblia Ina Maelezo ya Kawaida?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Mwanangu yuko chuo kikuu, na siku hizi ananiambia kila muujiza wa Biblia una maelezo ya kawaida: bahari iligawanywa na upepo, mana ilikuwa utomvu wa miti, Yesu alitembea juu ya barafu, na msalabani alizimia tu. Je, kuna ukweli wowote hapo? Na kama upo, Mungu amebaki na kazi gani? Nimjibu nini?

JIBU: Amina, mama. Usiyakubali yote kwa mkupuo, wala usiyakatae yote kwa mkupuo. Ipo miujiza ambayo Biblia yenyewe inataja njia ya asili ambayo Mungu aliitumia, na hapo mwanao hajakunyang'anya kitu. Ipo mingine ambayo maelezo ya kawaida yanasimama pale tu unapofuta nusu ya yale mashahidi waliyoyaandika. Kuyatofautisha kunahitaji jambo moja: lisome andiko zima, uulize ilikuwa wapi, majira gani, kiasi gani, kwa muda gani, na mbele ya nani.

Tuanze na bahari. Kutoka 14:21 inasema wazi kwamba Bwana aliirudisha bahari nyuma kwa upepo wa nguvu utokao mashariki, usiku kucha. Upepo haukugunduliwa na wanasayansi, aliuandika Musa. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Carl Drews na Weiqing Han, walilipima jambo hilo kwa kompyuta, wakitumia ramani ya ziwa la kale mashariki mwa delta ya Nile. Walikuta kwamba upepo wa mashariki wa kilomita 100 hivi kwa saa, ukivuma kwa saa 12 juu ya maji yenye kina cha mita 2, unaweza kuyasukuma na kufungua njia kavu yenye urefu wa kilomita 3 hadi 4 na upana wa kilomita 5. Njia hiyo hubaki wazi kwa saa 4, maji yakiwa pande zote mbili. Upepo ukikoma, maji hurudi kwa nguvu.

Je, Mungu ametolewa hapo? Hata kidogo. Hesabu hizo zinaonyesha jinsi maji yanavyoweza kusogea. Hazisemi kwa nini yalisogea usiku uleule ambao jeshi la Farao lilikuwa mgongoni mwa watu, Musa aliponyosha mkono, na kurudi alfajiri Wamisri wakiwa katikati. Kosa la mwanao, na ni kosa la waumini wengi pia, ni kudhani kwamba kazi ikifanywa na upepo basi Mungu hakuifanya. Biblia haijui mgawanyo huo. Zaburi ya 104 inasema Mungu ndiye anayeyameesha majani, na Bwana Yesu anasema Baba hulichomoza jua lake na kuwanyeshea mvua wema na waovu. Mungu hakai kwenye mapengo tu, yale ambayo sayansi haijayaeleza.

Lakini nakuonya pia usiukumbatie utafiti huo kama uthibitisho. Watu waliokuwa wakielekea mashariki wangekuwa na upepo huo usoni, wakiwa na watoto na mifugo, na wimbo wa Kutoka 15:8 unazungumzia maji yaliyosimama wima kama chungu, yaani lundo, jambo ambalo ziwa la mita 2 halilifikii vizuri. Kesho mtafiti mwingine akizikosoa hesabu zile, imani yako haina sababu ya kuyumba.

Muujiza wa Waisraeli kuvuka Mto Yordani ni wa namna hiyohiyo, na kwangu ni mfano mzuri kuliko bahari. Yoshua 3:15-16 inasema mto ulikuwa umefurika majira ya mavuno, na maji yakasimama mbali sana, huko kwenye mji wa Adamu. Mahali hapo panajulikana, ni Damiya ya leo, kaskazini mwa Yeriko. Kingo za mto pale ni za udongo laini, na bonde lote limekaa juu ya ufa wa matetemeko. Mwaka 1267 kingo ziliporomoka hapohapo Damiya, zikaziba mto kwa saa kadhaa. Kwa hiyo maji kukatika pale ni jambo linalowezekana. Muujiza uko kwenye saa. Yoshua alilitangaza kabla (3:13), na maji yakakatika makuhani walipoingiza nyayo zao mtoni. Tena fikiri: kama mto ulizibwa kilomita zaidi ya 20 juu yao, maji yaliyokwisha kupita yalihitaji saa kadhaa kuisha. Maana yake Mungu alianza kazi kabla kuhani wa kwanza hajanyanyua mguu.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliigawa miujiza katika ngazi tatu, na mgawanyo wake unasaidia hadi leo. Yapo ambayo asili haiwezi kuyafanya kabisa. Yapo ambayo asili huyafanya, lakini si kwa mfuatano huo: asili hutoa uhai, ila si baada ya mauti. Na yapo ambayo asili huyafanya kila siku, kama homa kupoa au mvua kunyesha, lakini Mungu akayafanya bila kupitia njia zake za kawaida. Mwanao anaichukua miujiza iliyo karibu zaidi na kazi za asili, anapata maelezo, kisha anayatandaza juu ya ngazi zote. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Tazama mana. Kweli, huko Sinai kuna wadudu wadogo wanaofyonza miti ya tamariski na kutoa matone matamu yanayoganda usiku. Mtaalamu wa wadudu Bodenheimer aliyachunguza huko mwaka 1927. Yanafanana na Kutoka 16 kwa utamu kama wa asali na kwa kuokotwa asubuhi. Lakini matone hayo hupatikana kwa wiki chache za mwanzo wa kiangazi, tena kidogo. Biblia inasema pishi moja kwa kila mtu, yaani lita 2 hivi, kila siku, mwaka mzima, kwa miaka 40. Kwa wanaume 600,000 wa Kutoka 12:37 peke yao ni lita 1,200,000 kwa siku. Siku ya sita ilikuwa maradufu, Sabato haikuwepo, na ikakoma siku moja tu baada ya watu kula mazao ya Kanaani (Yoshua 5:12). Mdudu hajui Sabato. Kware walioliwa na Waisraeli jangwani ni tofauti: ndege hao huhama kila mwaka kupitia nchi zile na hutua wakiwa hoi, na Hesabu 11:31 yenyewe inasema waliletwa na upepo kutoka baharini.

Mapigo ya Misri vilevile. Wapo wanaoyapanga kama mnyororo: mafuriko ya Nile yaliyojaa udongo mwekundu na vijimea, samaki wakafa, vyura wakakimbia maji, inzi wakazaliana, mifugo ikaugua. Kwa mapigo ya mwanzo mnyororo huo una akili ndani yake. Ila Musa alimwachia Farao achague siku ya vyura kuondoka, naye akasema kesho (Kutoka 8:10). Mvua ya mawe haikugusa Gosheni, walikokaa Waisraeli. Na mnyororo unakatika kabisa kwenye vifo vya wazaliwa wa kwanza, tangu mwana wa Farao hadi mwana wa mfungwa, pamoja na wa wanyama. Hakuna ugonjwa unaochagua kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Sasa barafu. Mwaka 2006 Doron Nof, mtaalamu wa bahari, na wenzake walipendekeza kwamba zamani, katika vipindi vya baridi kali, vipande vya barafu viliweza kuganda karibu na chemchemi za chumvi kando ya Bahari ya Galilaya, na mtu aliyesimama juu yake angeonekana kwa mbali kama anatembea majini. Soma sasa Marko 6 na Yohana 6 pamoja. Pasaka ilikuwa karibu (Yohana 6:4), na watu waliketi kwenye majani mabichi (Marko 6:39). Hayo ni majira ya kuchipua, si ya maji kuganda. Mashua ilikuwa katikati ya bahari, baada ya wanafunzi kuvuta makasia stadio 25 au 30, yaani kilomita 5 hivi, nayo barafu inayodaiwa ni ya kando ya chemchemi. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi yanapiga. Mathayo 14:29-30 inaongeza kwamba Petro aliteremka kutoka chomboni akatembea, kisha akaanza kuzama. Na wanne kati ya wale watu walikuwa wavuvi wa ziwa lile. Utawaambia nini kuhusu barafu ya ziwa lao?

Wengine husema giza la Ijumaa Kuu lilikuwa kupatwa kwa jua. Haiwezekani, na sababu yenyewe ni ya kisayansi. Jua hupatwa mwezi unapoandama tu, na Pasaka huwa wakati wa mwezi mpevu. Tena kupatwa kamili hakufiki dakika 8 mahali pamoja, na Marko 15:33 inataja giza la muda wa saa tatu, tangu saa sita hata saa tisa. Julius Africanus, Mkristo wa karne ya 3, alikwisha kuikataa hoja hiyo.

Kuhusu kuzimia msalabani, nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo imani yote iliposimama. Nadharia hii ilikuwa na nguvu Ujerumani zamani, ikitetewa na mwanateolojia Heinrich Paulus. Yahesabu yale inayotakiwa kuyaruka. Mtu amepigwa mijeledi ya Kirumi, amegongomelewa misumari, amechomwa mkuki ubavuni (Yohana 19:34). Pilato alishangaa kusikia amekufa mapema, akamwita akida na kumhoji, ndipo akautoa mwili (Marko 15:44-45). Mwili ukafungwa sanda pamoja na manemane na uudi yapata ratli mia, ambazo ni kilo 33 hivi. Kisha mtu huyo huyo, bila tabibu, asukume jiwe na kuwatokea wanafunzi kama mshindi wa mauti? Aliyeivunja nadharia hii ni mwanateolojia mwingine Mjerumani, David Friedrich Strauss, naye hakuamini miujiza. Alisema mtu aliyetambaa kutoka kaburini nusu mfu, anayehitaji kufungwa vidonda, asingeweza kuwashawishi watu kwamba yeye ni Bwana wa uzima. Ukiondoa kifo, huwezi kueleza mahubiri ya mitume.

Unapozungumza na mwanao, mama, usianze kwa kubishana kama Mungu yupo au hayupo. Mkubalie upepo wa Kutoka na udongo wa Damiya, maana ni kweli, na atakusikiliza. Halafu kaeni pamoja na Marko 6 na Yohana 6, umwombe akuonyeshe barafu iko mstari gani. Akisema watu wa kale hawakujua sheria za asili, mpeleke Mathayo 1:19: Yusufu alijua vizuri mimba hupatikanaje, ndiyo maana alitaka kumwacha Mariamu kwa siri. Akisema wafu hawafufuki, mwambie hata Tomaso alisema hivyohivyo. Kisha msome 1 Wakorintho 15:3-8, barua ya miaka 20 na kitu tu baada ya msalaba, ambamo Paulo anataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona Bwana kwa pamoja, na kusema wengi wao walikuwa bado hai. Aliyetaka kuhakikisha, aliweza kwenda kuwauliza.