Nailoni hapana, tumia shuka

Kaka, umeuliza kama nailoni inatosha kuifunika pikipiki bandani huko Tanga, masika yote, Machi hadi Mei. Nakusihi, usitumie nailoni. Inazuia vumbi, sawa, lakini unyevu unaotoka chini unanaswa ndani, na usiku chuma kikipoa unageuka matone. Funika kwa shuka kuukuu la pamba linalopitisha hewa. Turubai litundike juu, lisiguse pikipiki, kama bati linavuja.

Sakafu ya udongo ndiyo adui mkubwa. Panga mbao, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati.

Kabla ya kufunika, ioshe kwa maji baridi kuondoa chumvi ya bahari, ikauke kabisa juani, kisha paka mnyororo oili. Jaza tanki mpaka juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, na kabureta imwage mafuta. Betri itoe, ichaji kila mwezi.

Na tafadhali usiiwashe dakika mbili tatu kila wiki eti "isilale". Ekzosi haipati moto wa kutosha, maji yanabaki ndani na kuila taratibu.