Nikifumba macho nakumbuka deni

Shangazi shikamoo. Mie nauza dukani Marikiti, usiku kichwa hakitulii. Nimeambiwa nijaribu meditesheni lakini nikikaa dakika mbili tu mawazo yashakuja, kodi, deni, hata chapati za jana. Nakosea wapi?
Msomaji, Likoni

Marahaba mwanangu. Hukosei kitu, akili kazi yake ni kuzurura, na wengi wanaacha hapo hapo wakidhani kichwa lazima kiwe kitupu. Si lazima bwana! Kaa kwenye kiti, mgongo wima, miguu hata usiikunje, halafu sikiliza pumzi inavyoingia na kutoka puani, hesabu moja mpaka kumi, ukijikuta uko kwenye deni rudi moja bila kujigombeza, na huko kurudi ndiko mazoezi yenyewe, tuktuk ikipiga honi nje iache ipige. Dakika tano kila siku zatosha kuanzia. Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa meditesheni kule Marekani, alipoanza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu mwaka 1979, programu yake ilikuwa ya wiki 10, kwa hivyo siku tatu usikate tamaa. Ila kama usingizi umepotea kabisa muone daktari. Na simu weka chumba kingine, sio mapajani.