Ufahamu kwa Hadithi za Mtandaoni

SWALI: Mhariri, nafundisha Kiswahili darasa la nne, nikiwa na kompyuta moja na projekta ya kuazima. Nitumieje hadithi za intaneti bila kipindi cha ufahamu kugeuka sinema? Mwalimu, Morogoro.

JIBU: Mwalimu, pakua hadithi mapema, maana mtandao hupenda kukatika darasani. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa bure hadithi za Kiswahili zenye picha. Simama kabla ya tukio kuu, uwaulize wanafunzi wanadhani nini kitafuata na ni maneno gani yaliyowaelekeza huko, kisha waandike jibu daftarini kabla hujafunua ukurasa unaofuata. Maswali ya kuchagua yanayojisahihisha yenyewe siyapendi sana, kwani mtoto hubahatisha tu.