Nguzo ileile, mchanga uleule, msingi tofauti

Ndugu uliyeuliza iwapo nguzo ya chuma ya mtambo wa upepo baharini inaweza kuteremshwa kwa mtetemo badala ya nyundo bila kugusa hesabu za usanifu, jibu langu ni hapana, na nililipata kwa kukosea. Mwanzoni mwa kazi yangu nilichukua vipimo vya koni (koni ya chuma husukumwa ardhini ili kupima ukinzani wa mchanga) vya kabla ya nguzo kuingia, nikakokotoa ukakamavu wa mchanga, yaani jinsi unavyokataa kusogezwa, wala sikuuliza nguzo ingeingizwaje. Ziliposukumwa kwa upande, zile zilizogongwa zilikaribiana na hesabu. Zilizotetemeshwa zilisogea mbali zaidi.

Chanzo kimo ndani ya mchanga. Pigo la nyundo huishusha nguzo hatua fupi, na chembe zilizo chini ya ncha hubanwa na kusukumwa kando, kisha sehemu ya mbano huo hubaki ubavuni mwa nguzo hata ncha ikishapita. Mtetemo huichezesha nguzo juu na chini mara 20 hivi kwa sekunde. Katika mchanga uliojaa maji, shinikizo la maji baina ya chembe hupanda, msuguano hupungua, na nguzo huzama kwa uzito wake na wa mashine ya kutetemesha iliyo juu yake. Kinachobaki hutegemea kasi ya kuzama, masafa ya mtetemo (idadi ya mitetemo kwa sekunde) na jinsi mchanga ulivyoshikana awali: uliolegea unaweza kushikana zaidi, ila ule ulioshindiliwa sana mara nyingi hulegea.

Majaribio ya Cuxhaven, Ujerumani, mwaka 2014, yaliyotumia nguzo zenye kipenyo cha mita 4.3, yalionyesha kwamba namna ya kutetemesha yenyewe hubadilisha ukakamavu wa upande. Jambo hili ni zito, kwa kuwa msingi laini hushusha masafa ya asili ya mnara, yaani yale ambayo huyumba kwayo wenyewe, na kuyasogeza karibu na ya mawimbi, na hapo mnara huweza kuyumba kupita kiasi.

Muda nao una nafasi yake. Huko Dunkirk, Ufaransa, uwezo wa nguzo zilizogongwa kustahimili mvuto wa kung'olewa uliongezeka zaidi ya mara mbili katika miezi michache. Ongezeko hilo lisihamishiwe kwa nguzo zilizotetemeshwa pasipo kupimwa.

Naelewa kwa nini mtetemo unapendwa: una kelele ndogo, nayo Ujerumani huweka kikomo cha desibeli 160 kwa kelele ya pigo, umbali wa mita 750, na wanyama wa baharini wanastahili ulinzi huo. Basi tetemesheni, lakini rudieni vipimo vya koni kando ya nguzo iliyokwisha kuingia, na ukakamavu wa usanifu utokane na vipimo hivyo.